Povu la asidi halionyeshi chokaa iliyobaki

Wapo wengi wanaoamini kwamba matope meupe ya chokaa katika kiwanda cha karatasi yakidondoshewa asidi na kutoa povu, basi yana chokaa ambayo haijafanya kazi. Imani hiyo inaeleweka: povu huonekana kama nguvu iliyobaki.

Mambo yako kinyume. Chokaa iliyochomwa hutiwa kwenye maji yenye magadi, yaani sodiamu kaboneti. Kwanza huzimika, yaani huungana na maji, kisha huyageuza magadi kuwa kostiki soda ya kupikia vipande vya mbao. Kinachotuama chini ni kalsiamu kaboneti, na povu ni kaboni dayoksaidi inayotoka humo: kwenye chokaa iliyokwisha kufanya kazi yake. Chokaa iliyosalia hukutana na asidi bila povu, ikitoa joto tu.

Tia ganda la yai kwenye siki uone. Nalo ni kalsiamu kaboneti, na litatoa mapovu. (Chokaa iliyochomwa usiichezee, huunguza ngozi na macho.)

Ili kujua chokaa iliyobaki, maabara huosha matope kwanza, maana kostiki iliyonata ingepotosha kipimo, kisha huyakoroga kwenye maji ya sukari. Ndiyo, sukari hii ya chai! Huivuta chokaa iliyozimwa iyeyuke, kaboneti ikibaki chini. Maji yaliyochujwa hutiwa fenoftalini, kemikali inayobadili rangi penye chokaa, yakawa ya waridi, halafu asidi yenye nguvu inayojulikana huongezwa tone kwa tone hadi rangi ipotee. Asidi iliyotumika ndiyo inayoonyesha kiasi cha chokaa.

Chokaa ikizidi, matope huchelewa kutuama na huchujika kwa shida.