Chembe za nano na saratani ya titi: maswali kutoka kliniki Kigoma

Mama mmoja alisikia redioni kuwa kuna "vidudu vya chuma" vinavyotiwa kwenye damu vikaigundua saratani ya titi na kuiua. Wenzake kwenye benchi wakadakia, maswali yakawa haya.

Ni vidudu kweli?
Hapana, havina uhai. Ni chembe za mafuta, protini au, kweli, chuma. Zinapimwa kwa nanomita: unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000.

Zinatibuje?
Mwaga kijiko cha mawese kwenye kikombe cha maji. Koroga utakavyo, yatapanda juu tu. Paklitakseli, dawa ya saratani ya titi, nayo haipatani na maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo huyeyushwa kwa kimiminika kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, na hicho ndicho huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Ndiyo maana huanza kuchomwa dawa za kuzuia mzio. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha paklitakseli iliyobebwa na albumini, protini ambayo tunayo mwilini, katika chembe za nanomita 130 hivi. Mafuta ya nyonyo yakawekwa kando.

Basi nywele hazinyonyoki?
Zinanyonyoka, mama. Na ganzi ya vidole ipo.

Na kugundua?
Hapo redio ilitangulia mbele. Chembe za chuma hudungwa kwenye titi la mtu ambaye tayari amegundulika, kisha daktari wa upasuaji huzifuata kwa kifaa cha sumaku hadi kwenye tezi ya kwapani, aone kama ugonjwa umefika huko. Vipimo vya nano vya kuugundua mapema bado vinafanyiwa utafiti.

Nina uvimbe. Nisubiri hizo?
Usisubiri. Anzia kituo cha afya au hospitali ya Maweni, hapa Kigoma. Utapigwa ultrasaundi, na ikibidi kinyama kidogo kitachukuliwa kwa sindano kipelekwe maabara. Sindano hiyo haisambazi saratani, ingawa mtaani wanasema hivyo. Ikithibitika, matibabu yapo hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Aliyeuliza hili la mwisho ni yule yule wa redio. Uvimbe una miezi minne, na amekuwa akiukanda kwa mawese.