Pilipili haimfundishi kasuku kusema

Ukimleta kasuku nyumbani hakosekani jirani wa kukuambia: "Mpe pilipili, ulimi ulainike, ataongea." Pilipili ataila, tena kwa raha, anatafuna mbegu kama karanga, kwa sababu ndege hahisi ukali wake kama sisi. Sauti yenyewe hutengenezwa kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni. Ulimi husaidia tu kuipa umbo. Maneno huyapata kwa kusemeshwa kila siku.

Cha kuangalia ni aina. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo ataiga mlio wa simu mpaka uinuke kuipokea. Ila huishi miaka 40 na zaidi, akiachwa mpweke hujinyonyoa manyoya, na Kenya huwezi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Wale wadogo wa kijani wa kaskazini mwa Tanzania, wenye mdomo mwekundu na duara jeupe machoni, ni nadra kutamka neno. Wamwagie pilipili debe zima, watakupigia kelele tu. Penye watoto, mimi ningechukua kasuku mdogo wa Australia, dume: ni mpole, na maneno mawili matatu huyashika.