Sista, hizi filamu za vita zitamharibu mtoto wangu? Maswali ya wazazi wa kambini

Kliniki ninayofanyia kazi imepakana na kambi ya polisi hapa Kampala, na humo kambini Kiswahili ndicho kinachomkutanisha Mkaramoja na Mteso, Mlugbara na Muganda. Likizo hii akina mama wanaoleta watoto kupimwa uzito wameniuliza jambo moja kwa njia nyingi: filamu za mapigano, michezo ya bunduki kwenye simu, video za watu wakipigwa zinazozunguka kwenye WhatsApp. Nimeyaandika maswali yao pamoja na majibu niliyowapa, na pale ambapo foleni ya benchini haikuniruhusu kusema yote, nimeongeza.

Sista, mwanangu wa miaka sita akitoka kwenye kibanda cha video anawapiga wadogo zake mateke. Ni filamu au ni utundu wake tu?

Mama, utundu anao, lakini mateke yale kayaona mahali. Mtoto mdogo hujifunza kwa kuiga, na haigi lugha na kupika tu. Mwaka 1961 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichukua watoto 72 wadogo wa shule ya awali. Baadhi walimwona mtu mzima akimtwanga ngumi na nyundo mwanasesere mkubwa aliyejazwa upepo. Wengine walimwona mtu mzima ametulia tu, na wengine hawakuonyeshwa lolote. Walipopata nafasi na mwanasesere yule, walioona kipigo walimpiga vilevile, na wengine walirudia hata maneno waliyoyasikia. Baadaye alithibitisha kwamba kuona kipigo hicho kwenye filamu kulitosha.

Jaribio lake la mwaka 1965 ndilo ninalolifikiria zaidi. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Lakini walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe walichokiona, walikionyesha vizuri kama wenzao. Somo lilikuwa limekwisha kuingia. Lilikuwa linangoja siku ambayo hakuna wa kukemea.

Sasa chukua jambo hilo ulipeleke kwenye kibanda. VJ, yaani yule mtu anayesimulia filamu kwa kipaza sauti, anatafsiri kwa Kiluganda, na shujaa akimkata mtu kichwa, VJ anashangilia, ukumbi mzima unapiga kelele za furaha. Mtoto wa miaka sita, ambaye bado hajatenganisha vizuri mchezo na ukweli, anawasikia watu wazima wakimpongeza muuaji. Hiyo ndiyo zawadi. Sisemi VJ ni adui. Wapo wanaoeleza kisa vizuri kuliko filamu yenyewe. Nasema sauti ya mtu mzima inayoambatana na picha ina nguvu kama picha.

Kwa hiyo atakuwa jambazi?

Hapana. Wanaowatisha wazazi kwamba kila mtoto anayetazama filamu za bunduki atashika bunduki wanawadanganya, na wanaosema hakuna madhara yoyote nao wanawadanganya.

Karibu na Chicago, L. Rowell Huesmann na wenzake walianza mwaka 1977 kufuatilia watoto wa miaka 6 hadi 10, na miaka 15 baadaye wakawapata 329 kati yao, sasa watu wazima. Waliotazama vurugu nyingi kwenye televisheni utotoni walikuwa wakali zaidi ukubwani, wanaume hata kwa wake zao. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa waliojiona kuwa wao ni kama yule shujaa na walioamini kwamba maisha ya kweli ndivyo yalivyo. Upande wa pili, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2019, kwa vijana zaidi ya 1,000 wa miaka 14 na 15, haukuona kwamba wanaocheza michezo ya vurugu ni wakali kuliko wenzao. Na mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema waziwazi kwamba ushahidi hautoshi kulaumu michezo hiyo kwa uhalifu wa kuua na kujeruhi, ingawa kilikubali kuna uhusiano mdogo na ukali wa kawaida kama kufoka na kusukumana.

Mimi nikiyaweka pamoja nawaambia hivi: filamu ni chumvi, siyo chungu. Inaongeza ukali ulioko. Kinachopika ni mambo mengine, nami nitayafikia.

Wa kwangu hapigi mtu, ila siku hizi anataka kulala na taa.

Huyo naye ameumizwa na filamu, ila wengi hatumhesabu kwa sababu hasumbui mtu. Kwa watoto wengi madhara ya kwanza ni hofu, siyo ukali: ndoto mbaya, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kukataa kwenda chooni usiku. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Akilala pungufu ya hapo kwa sababu ya hofu, darasani ataonekana mjinga au mkorofi. Vurugu zitazamwe mchana kama ni lazima zitazamwe, kamwe siyo saa ya mwisho kabla ya kulala.

Mtoto alishika simu ya baba yake akaona video ya mwizi wa boda boda akiuawa na umati. Nimwambie nini?

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wanisikilize kuliko kote. Tunahangaika na filamu huku simu zetu zimebeba vifo vya kweli, tunatumiana kwenye kundi la ukoo pamoja na salamu za Jumapili.

Akili inajua tofauti ya filamu na kifo cha kweli. Baada ya milipuko ya mbio za Boston mwaka 2013, watafiti waliwauliza maelfu ya Wamarekani. Waliotazama taarifa za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku walikuwa na dalili za mshtuko nyingi kuliko hata watu waliokuwa pale milipuko ilipotokea. Na hao walikuwa watu wazima. Mtoto anaiona video ileile mara kumi, na kila mara ni kama mtu anakufa upya. Kwa watoto wa kambini kuna jambo la ziada: mara nyingine anayepigwa au anayepiga amevaa sare ya baba. Mvulana mmoja hapa alikuwa anakataa kula mpaka baba yake arudi kutoka zamu, na ilituchukua siku kadhaa kujua alikuwa ameona nini.

Mwambie kwanza kwamba hakukosea kuona, asije akaficha. Muulize aliona nini, umwache aeleze kwa maneno yake bila kumrekebisha. Mpe ukweli mfupi: ndiyo, mtu huyo aliumizwa, lilikuwa kosa, na wewe uko salama hapa. Usimlazimishe kusimulia tena na tena. Halafu ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime kupakua picha na video kunakojifanya kwenyewe, ufute zilizomo. Na wewe usiitume mbele, hata kwa nia ya kuonya.

Afande mmoja aliuliza: mimi nina silaha, na kijana wangu anapenda filamu za komando. Niwe na wasiwasi?

Ndiyo, afande, uwe nao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitoa matokeo ya jaribio la watoto 104 wa miaka 8 hadi 12. Waliwaonyesha wawili wawili kipande cha filamu, wengine chenye bunduki, wengine kilekile bunduki zimeondolewa. Kisha wakawaacha kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, na ndani ya kabati mlikuwa na bunduki ya kweli iliyolemazwa isiweze kufyatua. Watoto wengi waliikuta. Walioona filamu yenye bunduki waliishika kwa muda mrefu zaidi na kuvuta triga mara nyingi zaidi, na wengine walimwelekezea mwenzao.

Filamu haikuwafanya wauaji. Iliwafanya wasiogope kile ambacho ni salama kukiogopa. Kama kazi inakulazimu uje nayo nyumbani, risasi zitolewe, zifungiwe mahali pake, silaha ifungiwe pengine, na funguo zikae mwilini mwako. Juu ya kabati siyo mahali. Chini ya godoro siyo mahali. Mtoto anapajua.

Na michezo ya kwenye simu?

Usianze kwa kumpokonya. Kaa naye, mwambie akufundishe. Utajua katika dakika kumi kama ni mchezo wa katuni zinazogongana au ni wa kuua watu wanaoomba huruma, na utajua anacheza na nani mtandaoni. Wageni wanaozungumza naye humo wananitisha kuliko risasi za kwenye kioo. Kwa wadogo kabisa Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili, asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Nimkataze kibanda kabisa?

Wa miaka sita, ndiyo. Kijana wa miaka 15 ukimkataza bila kumweleza, atakwenda akakwambia alikuwa kwa jirani. Mkubwa mwulize maswali: kwa nini shujaa haendi jela? Yule aliyeuawa ana watoto? Ungekuwa wewe ungefanyaje bila kupigana? Nyumbani, kumbuka kwamba Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, inataka vipindi vya kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku viwe vya kufaa familia nzima. Baada ya hapo rimoti ni yako.

Na mwonyeshe jinsi filamu inavyotengenezwa. Huna haja ya kwenda Marekani. Hapo Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, Isaac Nabwana na majirani zake wanatengeneza filamu za mapigano kwa bunduki walizounda kwa vyuma chakavu na mbao, na damu ya rangi. Mtoto akijua kwamba yule aliyekufa aliinuka, akanawa, akaenda kula, picha ileile inapoteza nusu ya meno yake.

Mzee wangu anasema: sisi tulichapwa viboko, hatukuwa na filamu, na tumekuwa watu wazuri.

Mpe heshima yake mzee, halafu muulize wenzake wako wapi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kwamba kati ya vijana wa Uganda wa miaka 18 hadi 24, wanawake 59 na wanaume 68 katika kila 100 walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Hicho ndicho chungu nilichokisema. Mtoto anayemwona baba akimpiga mama haangalii filamu. Anaishi ndani yake, na mwigizaji ni mtu anayempenda. Nikimkuta mtoto mkali, kwanza nauliza nani anapiga nani nyumbani. Filamu nauliza baadaye.

Lipo pia kundi la watoto waliokimbia vita, kama wale kutoka Kongo walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Kwao mlio wa bunduki kwenye televisheni ya jirani unaweza kurudisha usiku waliokimbia. Hao wasitazamishwe kabisa, hata wakijifanya majasiri.

Ni lini nimlete hospitali?

Ndoto mbaya na hofu zikipita mwezi mmoja. Akikataa shule au kuacha kula. Akitesa wanyama, akichezea moto, akijiumiza au kusema anataka kufa. Hapo usingoje hata siku moja. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe mhudumu wa afya ya akili. Wakiona inahitajika watakuandikia rufaa, na hapa Kampala rufaa hiyo huweza kufika Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambako kuna kliniki ya watoto na vijana. Usione haya kulitaja jina hilo. Na kama mtoto anaumizwa na mtu, piga Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto. Hailipishwi, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga, kwa hiyo mfundishe tarakimu hizo tatu.