Kiwanja cha Ukingoni mwa Mahakam: Kabla Hujatoa Fedha

Swali hili hutufikia likiwa na picha. Nyumba ya mbao juu ya nguzo, mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, mtumbwi umefungwa chini ya ngazi, na bei inayomfanya mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aisome mara mbili. Mwulizaji kaoa Indonesia, au anafanya kazi huko, au kachoka tu na kodi ya nyumba. Ninunue?

Kwa kifupi: kukaa utakaa, kumiliki hutamiliki. Nitaeleza sababu kwa kutumia Mto Mahakam, Kalimantan Mashariki, kwani aliyeuelewa huo ameelewa mengi kuhusu vijiji vya mtoni vya upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo.

Safari inaanzia Samarinda, mji mkuu wa mkoa. Boti ya abiria, ambayo wenyewe huiita kapal taksi, hupanda mto polepole, watu wamelala kwa safu sitaha ya juu, mizigo imejaa chini. Inapita Kota Bangun, inapita Muara Muntai ambako mitaa ni njia za mbao zilizoinuliwa juu ya maji, inapita Melak na Tering, na baada ya siku mbili hivi na zaidi ya kilomita 500 inafika Long Bagun. Hiyo ni pale maji yanapokuwa mengi. Kiangazi kikikaza, inaishia Tering. Juu ya Long Bagun maji hukimbia kwa kasi katikati ya miamba, sehemu ziitwazo Riam Udang na Riam Panjang, na abiria huhamia kwenye boti nyembamba ndefu zenye injini zaidi ya moja nyuma. Boti zimewahi kupinduka hapo na watu wakafa. Ng'ambo yake ndiko kuna Long Pahangai na Long Apari, jirani na mpaka wa Sarawak, Malaysia. Kuna pia kiwanja kidogo cha ndege, Datah Dawai, kinachohudumiwa na ndege ndogo ambazo serikali huzilipia ruzuku.

Neno "long" katika lugha za Wakayan na Wakenyah, makabila ya huko juu, ni mahali kijito kinapoingia mtoni. Yaani jina la kijiji ndiyo anwani yake.

Nimeeleza njia kwa kirefu kwa sababu bei ya kiwanja imeandikwa humo. Mchele, gesi, saruji, mabati na petroli vyote hupanda na mto. Miezi ya ukavu, hasa Julai hadi Septemba, boti zikishindwa kupita miamba, bei za vijiji vya juu hupaa na rafu za duka hubaki tupu. Serikali ilianzisha mpango wa bei moja ya mafuta nchi nzima, na kituo kilipo husaidia kweli, ila kituo chenyewe kinangoja boti kama wewe. Mgonjwa mahututi naye hungoja boti. Halafu mvua zinapokolea, mto huohuo hupanda kwa mita kadhaa kwa muda mfupi. Mei 2024 mafuriko yaliifunika sehemu kubwa ya Ujoh Bilang, makao makuu ya wilaya ya Mahakam Ulu, ofisi, maduka na nyumba pamoja. Kiwanja kizuri kuliko vyote, kile kilicho karibu na gati, ndicho cha kwanza kuzama.

Kwa hiyo wenyeji huthamini nyumba kwa namna tofauti na sisi. Nguzo bora ni za ulin, mti mgumu ambao fundi hutoka jasho kuupigilia msumari, na ambao hukaa majini na kwenye tope miaka mingi bila kuoza. Familia ikihama, nguzo hung'olewa zikahama nayo. Miti mikubwa ya ulin imekwisha sehemu nyingi, na ndiyo maana mbao kuukuu zina soko. Nimeona makadirio ya thamani yanayoweka fungu kubwa kwenye ardhi na senti kidogo kwenye nyumba, kwa mazoea ya mjini. Ukingoni mwa Mahakam hesabu hiyo imesimama kichwa chini miguu juu.

Nafungua mabano kidogo kwa msomaji wa pwani. Bonde la Barito, kusini-magharibi mwa Mahakam, ndiko wanakoongea Kimaanyan, lugha iliyo ndugu wa karibu sana wa Kimalagasi cha Madagaska. Mwanaisimu wa Norway, Otto Dahl, alilionyesha hilo mwaka 1951. Na ngalawa yetu, na matengo yake, ni ya ukoo wa vyombo vya mabaharia wa upande huo wa dunia. Doriani wa Zanzibar, lile tunda la miiba lenye harufu kali, naye asili yake ni huko. Nafunga mabano, ingawa huyo doriani tutamrudia.

Sasa ardhi yenyewe. Wanaoishi sehemu za kati na za juu za Mahakam ni Wadayak, wenyeji wa asili wa Borneo, wa makundi mengi: Wabahau, Wakayan, Wakenyah, Wabenuaq, Watunjung na wengine. Kwa desturi yao, aliyefyeka msitu mkubwa kwanza ndiye mwenye haki pale, yeye na kizazi chake. Wanakata, wanachoma, wanatoboa ardhi kwa mti uliochongoka, wanatia mbegu za mpunga. Baada ya mwaka mmoja au miwili wanaliacha shamba lirudi kichaka. Wageni hukosea hapo: wanaona kichaka, wanadhani hakina mwenyewe. Kumbe ndani ya kichaka hicho, hasa kwa Wabenuaq, kuna henzirani, mmea wa kusukia viti na vikapu, iliyopandwa pamoja na mpunga, inayopanda juu ya miti na kuvunwa baada ya miaka mingi. Ni akiba ya familia. Akiba hiyo imepata pigo, maana tangu Indonesia ilipopiga marufuku kuuza nje henzirani ghafi, kuanzia 2012, mkulima amebaki na wanunuzi wachache wa ndani na bei wanayoitaka wao.

Na miti ya matunda ina wenyewe. Mdoriani uliopandwa na babu ni wa wajukuu wa babu, hata kama ardhi inayouzunguka inatumiwa na mtu mwingine. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa hili; minazi yetu ina historia hiyohiyo ya mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe. Mnunuzi wa kiwanja chenye midoriani mitano anaweza kujikuta ana jamaa arobaini wanaofika kila msimu kuokota, na hawamwibii.

Juu ya desturi hiyo imekaa sheria ya dola. Sheria ya Msingi ya Ardhi Na. 5 ya 1960 inaitambua desturi, pale isipogongana na maslahi ya taifa. Lakini umiliki kamili, unaoitwa Hak Milik, huthibitishwa kwa cheti cha ofisi ya ardhi ya serikali. Vijijini wengi hawana cheti. Wana SKT, barua ya maelezo ya ardhi iliyosainiwa na mkuu wa kijiji. Ni ushahidi kwamba mtu anakitumia kipande hicho na kwamba majirani hawakupinga siku ile. Hatimiliki siyo. Katika maeneo ya makaa ya mawe na michikichi, ambako kampuni hulipa fidia, barua hizi hutolewa mbili au tatu juu ya kipande kimoja. Ukionyeshwa SKT mpya kabisa karibu na eneo ambalo kampuni imeanza kupima, wewe kuwa na wasiwasi.

Kuna tabaka jingine. Zaidi ya asilimia 60 ya nchi kavu ya Indonesia imewekwa kwenye ramani kama eneo la misitu ya serikali, na humo wamo vijiji vilivyokuwepo kabla ya ramani. Ndani ya eneo hilo cheti cha Hak Milik hakitoki mpaka sehemu hiyo iondolewe rasmi. Mahakama ya Katiba, katika hukumu ya shauri Na. 35 la 2012 iliyosomwa Mei 2013, ilisema msitu wa jamii ya kimila si msitu wa serikali. Hukumu nzito. Utekelezaji umekwenda kwa mwendo wa boti iliyopanda mto: misitu ya kwanza 9 ilikabidhiwa mwishoni mwa 2016, na ule wa Hemaq Beniung, kijiji cha Juaq Asa, Kutai Barat, uliofuata 2017, hauzidi hekta 50. Na hata ukitambuliwa, huo ni wa jamii, hauuzwi.

Tena kuna ukingo. Kanuni ya mito ya 2011 inataka hifadhi ya angalau mita 100 kila upande wa mto mkubwa usio na tuta nje ya miji, na mita 50 kwa mto mdogo. Pima kijiji chochote cha mtoni kwa kamba utaona: nusu yake, au chote, kimo ndani ya mita hizo. Wenyeji hawafukuzwi, wamekuwepo siku zote, lakini ni hoja nyingine itakayoletwa mezani siku utakapoomba cheti.

Tufike kwako wewe mgeni. Hak Milik ni ya raia wa Indonesia peke yao. Jambo hilo lisikushangaze. Kenya nayo, katika ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, haimpi mgeni zaidi ya miaka 99, na Tanzania haimgawii asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Indonesia humpa mgeni mwenye kibali cha ukaazi Hak Pakai, haki ya kutumia, ambayo kwa kanuni ya 2021 ni miaka 30, huongezwa 20, na huhuishwa 30. Ila nyumba hiyo lazima ifikie kima cha bei kilichowekwa kwa kila mkoa. Jakarta kima ni rupia bilioni 5, na hata mikoa ya bei ya chini bado kinahesabiwa kwa bilioni. Nyumba ya mbao ya Long Pahangai haitafika hapo hata ukiipaka dhahabu.

Basi ndipo rafiki aliye raia anapojitokeza: "Tuandike jina langu, tukubaliane pembeni." Ibara ya 26 ya sheria ya 1960 imemwona zamani. Mauzo yanayolenga kumpa mgeni Hak Milik, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, ni batili. Ardhi inarudi kwa dola, na fedha uliyolipa huwezi kuidai. Sijui kifungu kingine cha sheria ya ardhi kilichoandikwa kwa ukali wa namna hiyo.

Kwa waliooa au kuolewa huko, tatizo ni mali ya pamoja. Bila mkataba wa kutenganisha mali, mwenzio raia naye huonekana ananunua kwa niaba yenu wawili. Zamani mkataba huo ulipaswa kufungwa kabla ya ndoa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 2016, mnaweza kuufunga mkiwa ndani ya ndoa. Muufunge kwanza, kiwanja baadaye. Na mgeni akirithi Hak Milik ana mwaka mmoja wa kuiachia.

Wapo wanaosema thamani itapanda kwa kuwa mji mkuu mpya, Nusantara, unajengwa mkoa huohuo. Nusantara iko karibu na pwani, kule chini. Umbali kutoka hapo hadi Long Apari si wa kuendea sokoni na kurudi.

Ukitaka kuishi huko, panga nyumba. Sheria inamruhusu mgeni mkaazi kukodi, na kijijini makubaliano yashuhudiwe na mkuu wa kijiji na mkuu wa kimila, wote wawili, kwa maandishi. Nenda mara mbili: Agosti, uone boti zinavyokwama na bei ya mchele dukani, halafu tena mvua zikishika. Uliza nani alipanda mdoriani ule mkubwa. Na kabla hujapatana kodi, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe kwenye nguzo ya ulin maji ya Mei 2024 yalikofika.