Bizimu za Kirumi: anza kutazama kichwani

Ukiletewa bizimu ya vazi (pini ya kufungia nguo) ya karne ya 1 BK, usishughulike kwanza na nakshi za upinde, yaani mgongo wake uliopinda. Igeuze utazame kichwa, yaani ncha ambako pini huanzia: pini imeshikwa na springi au bawaba? Hapo utajua ilivyotengenezwa, na mara nyingi metali yake pia.

Aina ya Colchester, iliyovaliwa kusini-mashariki mwa Uingereza miaka iliyozunguka uvamizi wa Warumi wa mwaka 43 BK, ni kipande kimoja kizima. Fundi alifua ufito wa shaba, akaurefusha upande mmoja uwe waya, akausokota kulia na kushoto mwa kichwa, akaubana kwa kulabu ndogo mbele. Ncha iliyobaki ikawa pini. Kazi ngumu hii! Shaba huwa ngumu kila inapogongwa, na isipopashwa moto tena hupasuka. Ila springi ikishakamilika haipashwi: ugumu huohuo ndio unaoirudisha pini mahali pake. Metali ya risasi nayo haichanganyiki na shaba, hubaki matone madogo ambayo chini ya nyundo huanzisha nyufa. Kwa hiyo bizimu hizi zina risasi kidogo sana. Baadaye mafundi walipoanza kumimina upinde kwenye kalibu, kwa shaba yenye bati na risasi, ilibidi springi itengenezwe kando kisha ifungwe kichwani.

Aina ya Aucissa ni habari nyingine. Jina limetokana na chapa AVCISSA iliyopigwa kichwani mwa baadhi yake, na bizimu hizi zilisambaa na wanajeshi kuanzia mwishoni mwa karne ya 1 KK. Ni shaba yenye zinki, ikiwa mpya hung'aa kama dhahabu. Upinde wake umeinuka sana, hivyo joho zito la sufu hupata nafasi. Kichwa kimekunjwa kuwa mrija wa bawaba, na kijiti kinachopita ndani mara nyingi ni cha chuma. Hapo ndipo inapoharibikia: chuma hushika kutu, hufura, hupasua mrija, pini ikapotea. Ukikuta mrija uliopasuka wenye madoa ya kutu, hiyo ilikuwa bawaba, hata kama pini haipo.

Tafadhali usiisafishe kwa ndimu wala siki. Utaondoa uso wenye nakshi na chapa. Ukiona unga wa kijani hafifu unarudi kila ukiufuta, ni kloridi (chumvi za klorini) zinazoila shaba kwa msaada wa unyevu. Ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu), unyevu wa hewa ndani ubaki chini ya asilimia 35, kisha umpelekee mhifadhi wa vitu vya kale.