Kitu Kilichotuna Chini ya Ndege ya United 175

Mimi ni mhandisi wa matengenezo ya ndege, na sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika chini ya tumbo la ndege, mahali ambapo abiria hapaoni. Ndiyo maana picha moja ya Septemba 11, 2001, ambayo bado inasambazwa kwenye simu zetu, hunisumbua kuliko nyingine zote. Inaonyesha Boeing 767 ya shirika la ndege la United, safari namba 175, iliyotekwa ikitoka Boston kwenda Los Angeles na watu 65 ndani yake, muda mfupi kabla ya kuupiga mnara wa kusini wa World Trade Center saa 3:03 asubuhi. Chini yake, upande wa kulia, panaonekana kitu kilichotuna. Wapo wanaodai kuwa ni kombora, na kwa hiyo ile haikuwa ndege ya abiria.

Aliyewahi kusimama chini ya 767 atakitambua mara moja. Pale bawa linapoungana na kiwiliwili pamefunikwa kwa gamba jepesi lililobinuka. Ndani yake mna mitambo ya kupoza hewa ya abiria, na nyuma kidogo mna nafasi ambamo magurudumu makubwa hukunjwa ndege ikishapaa. Mbinuko huo uko pande zote mbili. Wa kulia ndio unaojitokeza kwenye picha kwa sababu ndege ilikuwa imelalia bawa la kushoto, tumbo likaelekea mashariki, na jua la asubuhi likalipiga kwa mshazari, hali ambayo hukuza kila kilichotuna na kurefusha kila kivuli.

Hoja iliyo nzito zaidi kwangu ni hii: milango ya magurudumu hufungukia papo hapo panapodaiwa kuwa na kombora. Ukifunga kitu cha ukubwa ule mahali hapo, milango haifunguki, na ndege haiwezi kukunja magurudumu baada ya kuruka. Tena mwaka 2013, katika uchochoro karibu na ilipokuwa minara, kilipatikana kipande cha mtambo unaoshikilia vibao vya nyuma ya bawa, vile vinavyoteremshwa wakati wa kutua, na Boeing ikathibitisha kuwa ni cha 767.

Kuhusu Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani yaliyopigwa siku hiyo hiyo na Boeing 757 iliyotekwa, wapo wanaodai kuwa tundu la ukutani ni dogo mno kuwa la ndege. Lakini picha ya "tundu dogo" inayotumiwa sana ni ya ukuta wa ndani, katika pete ya tatu kati ya tano zinazounda jengo hilo, ambako mabaki yalitokea baada ya kupenya jengo. Ukuta wa nje ulibomoka chini kwa upana wa takriban mita 30. Mabawa ya 757 yana upana wa mita 38, lakini ncha zake ni alumini nyembamba, haziwezi kutoboa ukuta mnene. Njiani ndege hiyo iliangusha nguzo tano za taa, kinasa mwenendo wake, yaani kifaa kinachorekodi data za safari, kilipatikana kwenye kifusi, na miili ya abiria ilitambuliwa kwa vipimo vya DNA.