Pikapu ya fowili nayo hukwama

Wengi hapa Mwanza tunaamini kwamba pikapu ya fowili haikwami, na kwamba kwenye utelezi ni salama kuliko ile inayosukumwa na tairi mbili. Kuna ukweli ndani yake: injini ikisukuma magurudumu yote manne, gari hupata nguvu zaidi ya kujinasua kwenye mchanga wa mwaloni au kupanda kilima chenye tope.

Kusimama ni habari nyingine. Breki za pikapu yoyote hukamata magurudumu yote manne, iwe fowili au siyo. Kinachoshika barabara ni tairi. Tope jeusi la mbugani likijaza kashata, yaani meno ya tairi, tairi huwa kama limepakwa sabuni, na hata fowili huzungusha palepale.

Kagua mwenyewe. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, zimebaki takriban milimita 1.6. Usisubiri zifike hapo, nakusihi. Kisha hesabu siku unazopita njia mbovu kwelikweli. Anayebeba dagaa kutoka Kirumba hadi Igoma, lami tupu, tairi mbili zinamtosha, na kwa kawaida mafuta huenda kidogo. Wa vijiji vya Magu wakati wa masika, fowili atakuwa na kazi nayo.